FLASHI SI YA USIKU PEKE YAKE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Leo sitaandika juu ya mihadarati wala faida za elimu, maana hayo yameandikwa mpaka kurasa zenyewe zimechoka. Leo nataka tuzungumze juu ya nyuso zetu.

Hebu fungua kurasa za katikati za toleo lolote la jarida hili, pale panapowekwa picha. Utaona timu ya kandanda, utaona waigizaji wetu, utaona mgeni rasmi akitoa zawadi. Jezi zinaonekana, miti inaonekana, hata mabati ya darasa yanang'aa. Lakini nyuso je? Nyuso ni giza tupu lenye meno. Ukiuliza, "Huyu ni nani?" unajibiwa, "Nadhani ni fulani, nimemjua kwa viatu." Jamani, tutajuana kwa viatu hadi lini?

Wengi husema ni kosa la kamera, wengine husema ni kosa la wino wa mchapishaji. Kuna na wale wa mzaha mbaya wanaosema ati ni kosa letu kwa kuwa weusi. Mimi nasema hapana. Kosa ni la mwanga, na dawa ya mwanga ipo. Dawa hiyo ni flashi, ile taa inayomulika mara moja tu picha inapopigwa. Shida ni kwamba sisi tunaitumia kinyume. Nje penye jua tunaizima, tukisema jua linatosha. Ndani penye giza tunaiwasha na kumpiga nayo mtu usoni kama tochi ya askari. Maoni yangu ni kwamba flashi inahitajika nje mchana zaidi ya tunavyodhani, na kwamba ndani haifai kuelekezwa usoni moja kwa moja.

Tuanze na nje. Sisi hapa Mraru na Voi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, yapata digrii tatu na nusu. Saa sita mchana jua liko karibu utosini. Mwanga unaotoka juu namna hiyo humulika nywele, paji la uso na ncha ya pua. Macho yanabaki ndani ya mashimo mawili ya kivuli. Mtu akivaa kofia ndiyo basi, uso wote umekwenda. Na picha zetu nyingi hupigwa saa hiyo hiyo, maana ndipo hotuba zinapomalizika na wageni wanapoelekea kula.

Juu ya hayo kuna jambo la kipimo. Kila kamera, hata ya simu, ina kipimo cha mwanga ndani yake. Kipimo hiki hukusanya mwanga wa picha nzima, kisha hutaka wastani wake uwe kama rangi ya kijivu cha katikati. Wapiga picha wa kazi huwa na kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, kwa ajili ya kukisaidia kipimo hiki. Sasa msimamishe mwanafunzi mweusi mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweupe. Kipimo kinaona weupe mwingi, kinasema, "Lo, mwanga umezidi!" Kinaupunguza. Ukuta unapendeza, shati linapendeza, na mwenye shati anapotea. Kamera nyingi za siku hizi hujaribu kuutafuta uso kwanza, lakini jua likiwa nyuma ya mtu bado nyingi hushindwa.

Hapo ndipo flashi inapokuja. Mgeuze mtu alipe jua kisogo ili asikunje uso. Kisha washa flashi, lakini uipunguze nguvu ili ijaze kivuli tu bila kushindana na jua. Macho yatafunguka na shingo itatengana na kola. Ukiweka flashi nguvu kupita kiasi, mtu ataonekana kama amekatwa gazetini akabandikwa kwenye mandhari. Ikiwa mtazamaji hatambui kwamba flashi imetumika, basi imetumika vizuri.

Kwa wale wenye kamera za kubadilisha lenzi, kuna siri moja ambayo haisemwi sana. Mmuliko wa flashi ni mfupi mno, mara nyingi sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo. Kwa hiyo mlango wa kamera ukikaa wazi kwa muda mrefu au mfupi, mwanga wa flashi haubadiliki, ila mwanga wa jua ndio unaobadilika. Maana yake ni kwamba jua unalitawala kwa spidi ya mlango, na flashi unaitawala kwa nguvu yake na kwa umbali wake na mtu, huku tundu la lenzi likigusa vyote viwili. Lakini kuna mpaka. Kamera nyingi za aina hii hazikubali flashi ya kawaida kwa spidi inayozidi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukizidisha, mlango unaanza kufunga kabla haujafunguka wote, nawe unapata picha yenye ukanda mweusi upande mmoja. Usikimbilie kumlaumu fundi.

Jambo jingine la hapa kwetu ni udongo. Udongo wetu ni mwekundu, ndio unaowafanya hata ndovu wa Tsavo waitwe ndovu wekundu. Jua kali likipiga chini, mwanga hurudi juu ukiwa na wekundu huo na kukaa chini ya kidevu na kwenye mashati meupe. Flashi kidogo kutoka mbele huupunguza. Asiye na flashi na atandike shuka nyeupe chini, mbele ya miguu ya anayepigwa picha, nje ya picha yenyewe. Shuka itarudisha mwanga safi usoni, na haitumii betri.

Sasa tuingie ndani. Huku makosa ni mengi zaidi. Sheria ya mwanga tumeisoma katika fizikia ingawa wengi waliiacha darasani: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unabaki robo. Picha ya darasa ikipigwa ndani, mstari wa mbele ukiwa mita mbili kutoka kwenye flashi na wa nyuma mita nne, wale wa nyuma wanapata robo tu ya mwanga wa wenzao. Ndiyo sababu walioko mbele huonekana kama wamepakwa unga na walioko nyuma kama wamemwagiwa masizi. Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita sita kutoka mstari wa mbele, mstari wa nyuma unakuwa mita nane, nao unapata zaidi ya nusu ya mwanga wa mbele. Tofauti inapungua sana. Ila hapo flashi yenyewe iwe na nguvu. Ile taa ndogo ya simu haifiki huko. Taa ya simu ni ya mtu mmoja aliye karibu, hatua moja au mbili, basi.

Halafu kuna macho mekundu. Watu huogopa wakisema ni shetani, kumbe ni damu. Flashi ikikaa karibu sana na lenzi, mwanga huingia moja kwa moja katika mboni iliyofunguka kwa ajili ya giza, hugonga mishipa ya damu nyuma ya jicho na kurudi ulikotoka. Ukiisogeza flashi mbali na lenzi, wekundu unaisha. Ukiigeuza kichwa ikaangalia ukutani au darini, ni bora zaidi, maana mwanga unaorudi kutoka ukuta mpana ni mpole. Unauzunguka uso, unaonyesha mashavu, na hauachi kile kivuli kizito cha kichwa ukutani.

Najua mtaniambia, "Wewe nawe, madarasa yetu hayana dari, ni mabati na mbao." Ni kweli. Basi tumieni ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, au karatasi kubwa ya manila iliyoshikwa na wenzenu wawili. Lakini chungeni rangi! Ukuta wa buluu hutoa watu wa buluu, na ukuta wa matofali mekundu humfanya mtu aonekane ametoka kuchimba shimo.

Na jasho? Joto la Voi tunalijua wote. Ngozi yenye jasho au mafuta hung'aa kama kioo pale flashi inapoigonga, na mng'ao huo mdogo mkali juu ya paji la uso huharibu picha nzima. Kitambaa cha mkono kinatosha. Lakini msimfute mtu hadi akauke kabisa. Ngozi nyeusi uzuri wake katika picha uko katika mng'ao mpole. Mwanga mpana kutoka kando huuchora mfupa wa shavu na taya. Mwanga mkali kutoka mbele hufuta kila kitu, uso ukawa bapa kama sahani.

Hapa nifike katika jambo linaloniumiza zaidi. Vyombo hivi vya picha havikuanza vikituwaza sisi. Flashi ya unga wa magnesiamu ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1887. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings aliuleta unga wa namna hiyo upande huu wa Kilimanjaro akawapiga picha simba na wanyama wengine usiku, na mwaka 1905 akatoa kitabu chake. Naam, wanyama wa jirani zetu walipata flashi mapema hivyo! Baadaye zikaja filamu za rangi. Kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Picha yake ikitoka vizuri, mashine imewekwa vizuri. Mtu mweusi akitoka kama kivuli, hayo yalikuwa yake. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba malalamiko yaliyosikilizwa mapema hayakutoka kwa watu weusi. Yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za hudhurungi zitofautiane katika matangazo yao. Fikiri, msomaji! Meza na chokoleti zilitutetea kabla hatujatetewa wenyewe.

Na pale tulipowazwa, hatukuwazwa kwa wema kila mara. Kamera ya Polaroid ya vitambulisho, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, nayo ilitumiwa Afrika Kusini kwa picha za pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kuzibeba wakati wa ubaguzi wa rangi. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga mwaka 1970, na mwaka 1977 Polaroid ikajiondoa Afrika Kusini. Hapo naona funzo. Mwanga ule ule unaoweza kumwonyesha mtu uzuri wake unaweza kutumiwa kumfunga. Inategemea nani ameushika na kwa nia gani.

Siku hizi mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2021 Google walitoa simu za Pixel 6 wakisema wamezirekebisha ili rangi za ngozi nyeusi zitoke sawasawa. Ni hatua nzuri. Lakini huku kwetu pameota ugonjwa mwingine, nao ni kuwageuza watu weupe. Mwaka uliopita nyanya yangu alifariki. Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, ya zamani, aliyopigwa kwa flashi kali akiwa ndani ya nyumba. Ilipelekwa kukuzwa kwa mtu mmoja wa kazi hiyo ili iwekwe juu ya jeneza. Ikarudi na nyanya mweupe! Makunyanzi yamefutwa, chale aliyokuwa nayo shavuni imefutwa, midomo imetiwa wekundu. Mjukuu wake mdogo aliuliza mbele ya waombolezaji, "Huyu mzungu ni nani?" Watu walicheka kidogo, mama yangu hakucheka. Yule fundi hakuwa na nia mbaya, naamini alidhani anatusaidia. Lakini tulimzika nyanya bila uso wake, na picha ile ndiyo iliyobaki ukutani mpaka leo.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba kazi ya flashi si kumfanya mtu mweupe. Kazi yake ni kumfanya aonekane. Mwaka 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia, hapa hapa Kenya, zilienea dunia nzima. Mpiga picha Mwingereza Will Burrard-Lucas alitega kamera usiku pamoja na flashi kadhaa zilizosimama mbali na kamera. Chui huyo hakutoka mweupe wala wa kijivu. Alitoka mweusi ti, na manyoya yake yalionekana, na macho yake yalionekana. Ikiwa chui mweusi katika usiku mweusi aliweza kuonekana vile alivyo, vipi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ashindikane adhuhuri?

Ninajua nitapingwa. Wa kwanza watasema, "Mchagua jembe si mkulima. Mpiga picha hodari hahitaji flashi." Mgala muue na haki yake mpe: wana ukweli wao. Penye varanda yenye kivuli angavu, au karibu na dirisha, au chini ya mti jua likiwa limelala, flashi haina kazi. Wakongwe wa studio za pwani yetu, kama N. V. Parekh wa Mombasa na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, walipata sifa kwa sababu ya kuujua mwanga na kuupanga, si kwa kubonyeza tu. Lakini sherehe za shule hazingoji jua lilale. Mgeni rasmi akiondoka saa saba, picha ni saa saba.

Wa pili watasema flashi ni usumbufu. Hao nao nawaunga mkono kwa sehemu. Flashi isitumike katika ibada bila ruhusa, isitumike mtu anapokariri shairi jukwaani akapoteza beti, wala isimulike macho ya mtoto mchanga kwa karibu. Na mtu asiyetaka kupigwa picha aachwe. Adabu kwanza.

Wa tatu watasema fedha. Watauliza, "Shule ya kutwa, wengine hata nauli ya matatu ni shida, ninyi mnataka flashi?" Nawajibu kwa historia ya hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970, akina mama wa Mraru walikuwa wakisimama barabarani wakipitwa na mabasi yaliyojaa, wasifike sokoni Voi. Hawakukaa kulalamika. Walianzisha kikundi, wakachanga kidogo kidogo, na katikati ya miaka hiyo wakanunua basi lao wenyewe. Habari zao zimeandikwa na kusomwa hadi ng'ambo. Akina mama wale hawakuwa matajiri. Ikiwa nyanya zetu waliweza kununua basi zima, sisi wajukuu wao tutashindwa na taa inayoshikika kwa mkono mmoja?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Chama chetu kichange muhula huu, kila mwanachama kwa uwezo wake, tununue flashi moja ya kawaida inayogeuza kichwa, hata ikiwa ya mitumba mradi inawaka, tuitumie pamoja na kamera ya shule. Pili, wanachama wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, wafundishwe kuitumia ndani na nje, ili anayemaliza Kidato cha Nne aache mrithi. Tatu, iwe ni sheria ya jarida hili kwamba hakuna uso utakaofanywa mweupe kwa programu yoyote. Picha ikitoka na giza, ipigwe tena. Ikishindikana, iachwe.

Wengine wataona ni jambo dogo. Lakini jarida hili litakaa maktabani tukishatawanyika. Wako wenzetu ambao hawana picha nyingine ya ujana wao isipokuwa hii ya shule. Siku moja mtoto wa mmoja wetu ataifungua na kutafuta, na itakuwa vizuri asilazimike kuangalia viatu.

Haba na haba hujaza kibaba. Mchango wangu wa kwanza nimekwisha kumkabidhi mweka hazina wa Chama. Je, wewe?